Mjusi Asiye na Mahali

"Samahani, Bwana, sindano imeruka safu moja."

Ambrosi Lugembe aliyasema hayo kwa sauti ya chini, maana kumkosoa Mzungu mbele ya mpishi wake si jambo la kupigia tarumbeta. Yule Bwana, ambaye jina lake lilikuwa refu mno hata watu wa Tabora wakaliacha na kumwita Bwana Mijusi, aliinua uso kutoka kwenye kioo cha kukuzia. Alimtazama Ambrosi, akamtazama mjusi aliyelala chali juu ya kibao kilichopakwa nta, kisha akarudia kuhesabu safu za magamba ya tumboni. Alikuwa ameandika saba. Zilikuwa nane.

"Nane," akakubali, akafuta.

"Nane, Bwana. Wenzake wote wana sita. Na vitobo vya mapajani ni kumi na saba kila upande."

Kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuhesabu, kupima, kuandika, halafu kuhesabu tena. Mjusi hawi mgeni kwa sababu tu macho yako hayajapata kumwona. Sharti awekwe kando ya wenzake, chupa kwa chupa, mpaka ithibitike kwamba yeye si huyu wala yule. Ambrosi alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka sita, akisimama, maana kiti cha pili hapo barazani kilikuwa cha paka. Na ni yeye, mtu wa darasa la nne la misheni, aliyewahi kusema, "Bwana, huyu hana nduguye humu." Bwana Mijusi alicheka siku hiyo. Siku mbili baadaye hakucheka tena.

Bwana Mijusi alikuwa amewaandikia wataalamu wakubwa wa Ulaya maelezo ya mjusi, na jibu lao lilikuwa limefika. Ilisema mjusi ni mpya kweli, ila mmoja hatoshi, tena mahali alikopatikana pajulikane barabara. Ambrosi alikuwa amesema alimkamata Kaliua, ndani ya gogo, karibu na reli. Basi wakaenda Kaliua, wakapindua magogo siku sita, wakachubuka mikono, wasione hata mkia.

Sasa Bwana Mijusi akachukua mkasi mdogo, akampasua mjusi tumbo ili ajue alikuwa akila nini. Akamwaga vilivyomo juu ya kigae cha kioo: mabawa ya kumbikumbi, miguu ya siafu, ganda la mende. Kwa ncha ya sindano akatenga punje saba, nyeupe, laini, zilizovimba.

"Hii ni nini?"

Ambrosi aliinama, akazitambua.

"Uwele, Bwana."

"Mbichi?"

Bwana Mijusi akaiponda punje moja kwa ncha ya sindano.

"Umepikwa," akasema Bwana Mijusi. "Uwele haupikiki ndani ya gogo, Ambrosi. Mjusi huyu alikuwa akikaa na watu, tena kuna mtu alikuwa akimlisha. Nani? Wapi?"

"Pengine alipita nyumba fulani, Bwana, kabla ya—"

"Usinidanganye mara ya pili." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha. "Nikiandika Kaliua na si Kaliua, nimeandika uongo utakaosomwa hata nikishakufa. Mjusi asiye na mahali hana jina, ni nyama tu ndani ya chupa. Masanduku yangu yanaondoka kwa gari la moshi la Jumatano. Jumanne asubuhi uniambie mahali. La sivyo nitaandika bomani, kwa Bwana Shauri, kwamba wewe ni mwongo, na hapa Tabora hakuna Mzungu atakayekupa kazi, hata ya kufyeka nyasi."

Masolwa, yule mpishi, alikuwa mlangoni na birika la chai, masikio yamemsimama. Ambrosi alipopita karibu naye, Masolwa alimtolea tabasamu jembamba.

"Njia ya mwongo fupi, ndugu yangu."

Ambrosi akaenda zake.

Nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, alimkuta mkewe, Bertila, akipepeta unga uani, binti yao mchanga Imakulata kalala mgongoni. Hakumsalimu. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamweleza yote, punje kwa punje. Bertila aliuweka ungo chini.

"Atakuua huyo mama yako," alisema. "Nani alimtuma kulisha mijusi?"

Sasa msomaji naye aambiwe jambo ambalo Tabora nzima walilijua watu wawili tu. Miaka minne nyuma, ugonjwa wa malale ulipozidi upande wa magharibi, serikali iliwahamisha watu wote wa vijiji vya huko na kuwapanga katika kambi moja yenye mistari ya nyumba, mbali na mbung'o. Nchi waliyoitoka ikafungwa. Atakayeonekana humo ni kifungo cha miezi sita, na nyumba itakayoonekana ni kiberiti. Bibi Ngollo, mama yake Ambrosi, alihama na wenzake, kuku kwapani. Alikaa kambini masika moja. Kisha siku moja akaenda kutafuta kuni, asirudi. Alikuwa amerudi kwao Mwalugembe, kwenye makaburi ya mumewe na watoto wake wanne.

Karani wa kambi alipouliza, Ambrosi alijibu kwamba mama alikuja Tabora kuugulia kwake na amekufa. Karani akachora mstari juu ya jina. Na kwa kuwa uongo ukishazaliwa hutaka kulelewa, ilibidi kuweka matanga. Majirani wa Ng'ambo walikuja, wakalia, wakala ubwabwa siku tatu, na Bertila akanyolewa nywele kwa kumlilia mkwe ambaye wakati uleule alikuwa akipalilia uwele wake porini. Mjusi alitoka huko. Ambrosi alimchukua mmoja alipokwenda kumwona mama wakati wa Pasaka. Alimchukua kwa sababu miaka sita ya kuhesabu magamba ilikuwa imemharibu macho. Hakuweza kuona kitu kigeni akakiacha.

"Sema ulimkamata hapa," alisema Bertila. "Sema alikuwa chini ya kinu changu. Watu wanaishi hapa, uwele upo."

"Kesho atakuwa hapa anapindua kinu chako na vya mtaa mzima."

"Apindue! Asipoona, shauri yake."

"Na akiandika Ng'ambo, watu watakuja kumtafuta mjusi huyu Ng'ambo miaka mia, wasimwone."

Bertila alimkodolea macho. "Baba Imakulata, wewe unamhurumia mjusi au mama yako?"

Swali lilimchoma, kwa kuwa jibu lake halikuwa safi. Alimpenda mama yake. Lakini pia aliona haya, haya ya fundi, kuandikisha uongo katika kazi ambayo ndiyo peke yake aliyowahi kuifanya vizuri.

"Nitakwenda kwake," alisema. "Nimtoe kabla mambo hayajaharibika. Akishatoka, mahali nitapasema bila hofu."

Alipanda gari la moshi Jumamosi, akateremka stesheni ndogo ya magharibi, akaingia porini kama mtu aendaye kurina asali. Mpaka wa nchi iliyofungwa ulikuwa miti iliyopakwa chokaa. Aliivuka, kisha akaifuata njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Nyayo za wapagazi wa miaka na miaka zilikuwa zimeichimba ardhi hata ikawa mfereji, na ijapokuwa majani yalikuwa yamefunika kila kitu, mguu uliijua. Mbung'o walimuuma shingoni na mgongoni kupita shati. Jua lilikuwa limeanza kulegea alipouona moshi mwembamba wa mama yake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mkeo hapiki?"

Bibi Ngollo alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, akisonga ugali wa uwele. Makaburi matano nyuma yake yalikuwa yamefagiliwa hata jani moja halikuwepo. Na ukutani, na juu ya shina la mninga, na juu ya mafiga ya zamani, walikuwako wao: mijusi wa rangi ya shaba, mikia ya buluu iliyoiva, matumbo yao yakitwetatweta juani. Ambrosi alijikuta anawatazama kwanza wao, akajichukia.

"Mnanuka njaa," mama aliwaambia, akawatupia vipande vya ukoko na punje za uwele wa kuchemsha. Walishuka mbio. "Wewe umeshakula, mpishe mwenzako. Huyu ana roho kama ya Mwarabu wa pembe za ndovu." Alicheka, pengo nje. "Babu yako aliwauzia chakula wapagazi mia mbili hapa kwa siku moja. Kelele, ngoma, watu wanagombania maji. Leo nimebaki na hawa, nao wananigombania vilevile. Baba yako angeniona, angesema Ngollo, sasa—"

Akanyamaza. Ambrosi alingoja. Mwiko ulikuwa mkononi mwake, umesimama ndani ya chungu. Kidevu kilikuwa kimemwangukia kifuani, na mate yalikuwa yakimtoka taratibu pembeni mwa mdomo. Ugali ukaanza kuungua. Muda mrefu ulipita, muda wa kutosha mtu kwenda kisimani na kurudi. Kisha akainua kichwa.

"—sasa umekuwa mtemi wa mijusi," akamalizia, akaendelea kusonga.

Ambrosi aliinuka. Alisogea kama anayemwondolea mama jani begani, akampapasa nyuma ya shingo, vile alivyowaona watu wa Bwana Mganga, daktari wa serikali, wakiwapapasa wanakijiji mstarini. Tezi zilikuwepo, ngumu, kama karanga chini ya ngozi.

"Mayu, umeanza lini kulala mchana?"

"Mzee halali, anapumzika."

"Una malale."

"Nina miaka."

"Kambini kuna sindano. Watu wanapona, nimewaona. Twende leo. Nitakubeba."

Bibi Ngollo aliuweka mwiko chini. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini akili ilikuwa yake yote.

"Nikuulize. Jina langu liko kwenye kitabu chao?"

"Lilifutwa."

"Nani alisema nimekufa?"

"Mimi, mayu."

"Mkanililia?"

"Tulikulilia."

"Basi. Maiti haendi hospitali. Hawa watano nani atawafagilia?" Akaonyesha makaburi kwa kidevu. "Ukinibeba nitateremka kila utakapopumzika, na kila nikiteremka nitarudi huku. Kula ugali, umeungua kidogo."

Alimsihi mpaka maneno yakamwishia. Alilia mbele yake, mtu mzima, kamasi zikimtoka, naye mama akamfuta kwa upindo wa kaniki na kumwambia aache utoto. Alipoondoka hakuchukua mjusi hata mmoja. Alipogeuka mara ya mwisho mama alikuwa amelala tena, amekaa vilevile, na mijusi walikuwa wamepanda chunguni, wanakula.

Jumatatu jioni Bertila alimsikiliza bila kumkatiza. Imakulata alikuwa akinyonya.

"Alikataa," alisema Ambrosi. "Na nikisema mahali, watakuja na askari. Hatanisamehe."

"Usiposema?"

"Atabaki kwake, kama anavyotaka."

"Atabaki kwa muda gani? Mwaka? Miezi sita? Halafu siku moja hataamka, na wewe utakuwa Kaliua unashika mijusi." Bertila alishusha pumzi. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Matanga ya kwanza yalikuwa ya uongo, watu walikuja. Matanga ya pili tutamwalika nani, Baba Imakulata? Tutamwambia nani kwamba mama amekufa tena?"

Hakulala vizuri. Alfajiri alijifunga kibwebwe cha moyo, akaenda.

Bwana Mijusi alikuwa akinywa chai. Ambrosi hakusubiri kuulizwa.

"Mahali panaitwa Mwalugembe. Ni katika nchi iliyofungwa, juu ya njia ya misafara, mwendo wa mchana mmoja kutoka relini."

Kikombe kilirudi kwenye kisahani. Bwana Mijusi alivuta karatasi na kalamu kwa pupa ya mtu aliyeona maji jangwani.

"Mto uko upande gani?"

"Kaskazini."

"Wanakaa mtini au ardhini?"

"Kwenye mninga, na ukutani."

"Wengi?"

"Wengi, Bwana."

"Majike pia?"

"Majike pia. Bwana—"

"Rangi zao wakiwa hai? Polepole, naandika."

Ambrosi alimtajia rangi. Shaba mgongoni, buluu mkiani, koo la rangi ya ganda la yai. Sauti yake ilitetemeka, na yule mwingine hakusikia mtetemo, alisikia rangi. Ukurasa ulipojaa ndipo alipoinua kichwa.

"Na ni ukuta wa nani huo?"

"Wa mama yangu. Yuko hai. Nilimdanganya karani. Anaumwa malale, Bwana, analala na mwiko mkononi. Nakuomba kitu kimoja. Bwana Mganga aende na machela na dawa, asiende na askari."

Bwana Mijusi aliweka kalamu chini, na usoni pake palipita kitu kilichofanana na aibu. "Nitamwambia," alisema. "Lakini sheria si yangu."

Masolwa, mlangoni, safari hii hakutabasamu.

Masanduku yakangojeshwa, wakaenda wote: Bwana Mganga na wabeba machela wawili, Bwana Mijusi na chupa zake, na askari wanne kwa kuwa sheria haikuwa yake. Ambrosi alitangulia kuonyesha njia. Bibi Ngollo walimkuta amelala mlangoni. Waliposhika mikono yake aliamka, akawaona askari, akawaona Wazungu, kisha akamwona mwanawe. Hakupiga kelele. Alimtazama tu, akafumba macho kwa kupenda kwake, na hakuyafumbua tena njia nzima.

Bwana Mganga alimpapasa shingo, akasema mwezi mmoja zaidi na wangekuja kuzika. Ambrosi aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Ilibidi ayashike, kwa sababu askari walikwisha kutia moto kibanda. Nyasi zilishika mara moja. Mijusi walitoka ukutani wakikimbia ovyo, na Bwana Mijusi, akikohoa moshi, akapiga kelele, "Ambrosi! Huyo! Mkia usikatike!" Na Ambrosi, Mungu amsamehe, alikimbia akawakamata. Mikono yake iliijua kazi kuliko moyo wake. Aliwakamata bila kuwavunja mkia, akawatia mfukoni mmoja mmoja, huku machozi yakimtiririka, na wote walidhani ni moshi.

Alifungwa miezi miwili kwa kumdanganya karani na kuvuka mpaka. Ingekuwa minane, lakini Bwana Mijusi alimwandikia barua nzuri kabla ya kurudi Ulaya na masanduku yake. Mwaka uliofuata alipelekewa gazeti la Ulaya lenye picha ya mjusi. Mwalimu wa misheni alimsomea. Safu za tumboni, nane. Vitobo, kumi na saba. Rangi zote zilikuwepo, hata koo la ganda la yai. Mahali: Mwalugembe. Mjusi alipewa jina la mkubwa mmoja wa huko Ulaya ambaye hakuwahi kumwona akiwa hai, na aliyewakamata aliandikwa "mtumishi mwenyeji." Ambrosi alimwomba mwalimu arudie ile sehemu ya rangi, kisha akaikunja karatasi.

Kambini, tangu Ambrosi alipofunguliwa, Bibi Ngollo alikuwa amenenepa kidogo. Sindano zilimshika. Alikuwa halali tena mchana, na Eustadia, msichana mwuguzi, alisema bibi anatania kila mtu wodini. Kila mtu isipokuwa mmoja. Ambrosi alikwenda Jumapili ya kwanza baada ya kufunguliwa, akasema shikamoo, mama akageukia ukuta. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Ya tatu alimletea Imakulata; mama akampakata mtoto, akacheza naye, lakini Ambrosi hakumpa hata kope. Bertila alimwambia avumilie. Alivumilia wiki saba, akienda kwa miguu, akisema shikamoo kwa mgongo wa kaniki.

Jumapili ya nane alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama kawaida, akaweka karanga alizoleta. Alikuwa ameshainuka kwenda zake aliposikia sauti.

"Wale mlichukua wangapi?"

Aligeuka. Mama alikuwa bado ameutazama ukuta.

"Mijusi?"

"Ndiyo."

"Kumi na wanne, mayu. Wote wako Ulaya."

Midomo ya Bibi Ngollo ilikuwa ikienda, vidole vikikunjana kimoja kimoja juu ya blanketi. Alihesabu mara moja, akarudia, kama mtu anayehakikisha watoto kabla ya kufunga mlango. Kisha akageuka, akamtazama mwanawe machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya moshi.

"Walikuwa kumi na watano," alisema. "Basi kwetu kumebaki mtu."

Akajisogeza upande mmoja wa kitanda, akampa nafasi ya kukaa.